Roshani imekatika, kifusi kitupwe?

SWALI: Shikamoo fundi. Roshani ya ghorofa ya pili hapa kwetu ilikatika juzi alasiri. Watoto walikuwa chuoni, Mungu akatuepusha. Mwenye nyumba ameleta mkokoteni, ataka kifusi kizolewe na nyingine ijengwe mwezi huu huu. Asema zilizoiangusha ni nguo mbichi tulizoanika. Tufanyeje? (Mpangaji, Kisauni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nguo mbichi! Huo mkokoteni na urudi ulikotoka.

Tafuta kipande kikubwa kilichoanguka chini, usipande juu. Upande wenye vigae ndio uliokuwa juu. Sasa pima kwa futi: nondo zimelala upande gani? Sakafu ya chumba hushikwa na kuta huku na huku, ikilemewa huvutika upande wake wa chini, na nondo zake hukaa chini. Roshani imeshikwa upande mmoja tu. Hiyo huvutika upande wake wa juu, basi nondo zake kuu sharti ziwe juu. Fundi huzifunga vizuri, kisha wabeba karai huzikanyaga wakimwaga zege, zikazama. Ikishapigwa lipu hakuna ajuaye. Hata mimi ujanani nilizikanyaga, msimamizi akanirushia mwiko.

Zikiwa juu lakini zimeliwa na kutu, ushahidi ni mwingine: zege lilichanganywa kwa mchanga wa ufuoni au maji ya kisima cha chumvi, na chumvi hula chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo zege hupasuka kutoka ndani.

Tarehe 17 Julai 1981, vivuko vya ndani vya hoteli moja Kansas City, Marekani, yaani njia za kupita watu zilizoning'inizwa juu ya ukumbi, vilianguka vikaua watu 114. Wengi wangedhani ni uzito wa watu. Wachunguzi walipopima mabaki na kusoma michoro, waligundua kwamba fito ndefu za chuma zilizopaswa kushika vivuko viwili kila kimoja kwa nati zake zilikuwa zimegawanywa. Cha chini kikaning'inizwa kwenye cha juu, na nati za cha juu zikabeba mzigo maradufu. Mabaki yangetupwa, wangejuaje?

Piga picha futi ikionekana, na mhandisi aliyesajiliwa aone kifusi kabla hakijaguswa. Na zile roshani nyingine zilizomwagwa na mafundi hao hao, mtu asisimame juu wala chini yake, wala msianike hata leso, mpaka zikaguliwe.