Barua kwa mwanangu: Wa kuja

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema miezi minane tu Dar na tayari mji umekukaa moyoni: Jumamosi dansi, Jumapili singeli huko Mburahati, Jumatatu kazini huna sauti. Kisha kijana mmoja hapo ofisini kakwambia, "Wewe wa kuja tu, Dar unaijulia wapi?" Ukanywea. Ukaniuliza: "Mama, wewe uliishi huku miaka sita. Mtu wa kuja anaacha lini kuwa wa kuja?"

Kwanza muulize huyo kijana babu yake kazikwa wapi.

Halafu panda daladala za Sinza. Utamsikia konda akiita "Kwa Remmy! Kwa Remmy wapo?" kama anavyoita kituo kingine chochote. Huyo ni Remmy Ongala, mwanamuziki wa dansi. Kazaliwa mashariki mwa Kongo mwaka 1947, kaingia Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akawa na Super Matimila. Kiswahili chake kilinukia Kongo mpaka anafariki Desemba 2010, na hakuna aliyejali. Alijiita Sura Mbaya mwenyewe, kwa hiyo waliotaka kumcheka wakakuta kazi imeshafanywa. Aliimba habari za kifo na za fukara, akaimba habari za kondomu wakati wengi hata kulitaja neno hilo hawakuthubutu. Sasa watu wanashuka kwake kila siku, wengine wala hawajui kama alikuwa mtu.

Na si yeye peke yake. Wanabendi wa Maquis walishuka kutoka Kongo na gitaa zao na mtindo wao wa Kamanyola. Mwimbaji Muhidini Gurumo alitoka Kisarawe. Ni hapo tu, lakini kutoka ni kutoka. Mwimbaji mwenzake Marijani Rajabu ndiye mtoto wa mjini hasa, wa Kariakoo, na sikumbuki hata siku moja kusikia amemwuliza mtu ametokea wapi.

Mimi niliingia 1984, nikafikia kwa shangazi Magomeni. Nyimbo nilikuwa nazijua zote. Songea tulikuwa na redio moja nyumba tatu, na Radio Tanzania ndiyo iliyokuwa ikizirekodi bendi na kutuletea, kwa hiyo mji niliujua kwa masikio kabla ya kuuona kwa macho. Nilidhani hiyo inatosha.

Shangazi akanipeleka ukumbi wa DDC Kariakoo kuiona bendi ya Mlimani Park, ndio hao wanaoitwa Sikinde. Nimevaa viatu vyake, vimenizidi, nimejaza vitambaa mbele. Gitaa la solo likaanza, nikautambua wimbo, basi! Nikaingia katikati na mabega yote, miguu chini kwa kishindo kama niko kwenye lizombe, ngoma ya kwetu Songea. Nikacheza peke yangu. Ukumbi mzima ulikuwa unayumba polepole, wawili wawili, wanasikiliza. Maana dansi la enzi zile, mwanangu, sehemu ya kwanza ni kesi inasomwa: nani kamwacha nani, mama mkwe kasema nini, pesa ya matumizi imekwenda wapi. Watu walikuwa wanafuata mashairi kama wazee wa baraza. Dada mmoja mnene, jasho linamtiririka shingoni, akanishika kiuno kwa nyuma akanisimamisha. "Tulia. Sikiliza bezi. Wimbo bado haujachemka."

Nikatulia, aibu imenijaa. Nikasikiliza bezi, na kwa mara ya kwanza nikaisikia gitaa ya pili chini ya ile ya kwanza, inajibu, inachokoza. Redio yetu haikuwahi kunipa ile. Halafu tarumbeta zikaingia kwa pamoja, mwimbaji akanyamaza, na yule dada akanisukuma mgongoni: "Haya sasa!" Kule redioni wimbo ulikuwa unakatika hapo hapo, watangazaji wana haraka. Pale ukumbini ndiyo kwanza ulikuwa unaanza. Vile vitambaa vya kwenye viatu sikuviona tena.

Tulirudi kwa miguu kupitia Jangwani, viatu mkononi.

Baadaye nikawa mshabiki, na ushabiki wa dansi ulikuwa kama wa Simba na Yanga. Shangazi alikuwa wa bendi ya Msondo tangu ikiitwa NUTA Jazz, mimi wa Sikinde. Gurumo alipoiacha Sikinde akahamia Orchestra Safari Sound 1985, nilikataa kula usiku ule, na shangazi akala sahani yangu. Jambo nililolijua nikiwa nimeshakaa sana ni kwamba Sikinde lilikuwa jina la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa pale. Bendi imejaa watu wa kila pembe, imejipa jina la ngoma ya wenye mji, na wenye mji wanalipa kiingilio kuja kuisikia. Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu miezi niliyokaa.

Kuhusu singeli, sikudanganyi, video uliyonitumia niliizima katikati. Mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika moja ni mengi kwa kifua changu. Lakini nililisikia humo jambo ninalolijua. Wiki yangu ya pili pale Magomeni ngoma ya mdundiko ilipita barabarani, wanamtoa mwali. Nikaifuata, eti mpaka pale kona. Niliposhtuka niko Kigogo, giza limeingia, sijui njia, na watoto watatu wa watu wamenishika gauni wakidhani mimi ndiye ninayeijua. Halafu baadaye ukaja mchiriku, kinanda kidogo cha Casio kinalia kwenye spika ya honi mpaka alfajiri, majirani wanalalamika huku wanatikisa vichwa. Hao watoto wako wa Mburahati wametokea huko huko. Wanakimbia tu zaidi.

Hivyo nenda. Ila kwenye dansi usianze na mabega.

Jumamosi ukiwa huko usinipigie picha, picha za giza sizioni. Wimbo ukichemka nipigie simu, uiweke mezani, uniache nisikilize hata kama salio litakwisha. Baba yako anakusalimu. Anasema ukisikia Msondo ndiyo upige, hao wengine usijisumbue. Usimsikilize.

Mama yako