Koti moja nene halitoshi

Ndugu yangu, umeuliza kama koti moja nene litakutosha kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, maana begi lako ni dogo. Peke yake halitoshi. Kinachokupa joto ni hewa inayonaswa kati ya nguo na nguo, kwa hiyo vaa kwa tabaka: fulana ya sufu au poliesta inayoshika mwili, juu yake sweta, kisha koti lisilopitisha upepo wala maji. Pamba usiivae ndani kabisa. Ikilowa jasho haikauki upesi, na ukisimama kidogo tu baridi inakuingia mpaka mifupani. Ukianza kutoka jasho, fungua zipu mapema.

Viatu ndivyo ninavyokusisitizia zaidi. Vijaribu ukiwa umevaa soksi nene, na vidole viweze kuchezacheza. Ukirundika soksi mbili kwenye kiatu kinachobana, damu haipiti vizuri na miguu inazidi kuwa baridi.

Begi lisikutishe. Koti na buti safiri umevivaa. Ndani weka fulana ya kubadilishia, soksi za akiba, glavu na kofia inayofunika masikio. Simu ikae mfuko wa ndani, maana baridi humaliza chaji haraka.