Ohio haina Waziri wa Mambo ya Nje

Msomaji mmoja aishiye Columbus, Ohio, amesajili duka lake na kupewa cheti chenye sahihi ya ofisa ambaye cheo chake kwa Kiingereza, Secretary of State, kinafanana na cha mkuu wa diplomasia wa Marekani. Jirani yake amemtafsiria kuwa huyo ni "Waziri wa Mambo ya Nje wa Ohio". Anauliza kama tafsiri hiyo ni sawa.

Si sawa hata kidogo. Ofisa huyo ni Katibu wa Jimbo la Ohio. Jirani simlaumu sana, kwa kuwa kosa hili amelirithi kwa watangazaji na waandishi wetu, ambao ndio waliopaswa kulizuia.

Nakumbuka Januari 2021, Rais Donald Trump alipompigia simu Brad Raffensperger, Katibu wa Jimbo la Georgia, akimtaka atafute kura 11,780, yaani kura moja zaidi ya zile alizoshindwa nazo na Joe Biden katika jimbo hilo. Redioni nikasikia kwamba rais amezungumza na "Waziri wa Mambo ya Nje wa Georgia". Georgia ipi? Iko nchi iitwayo Georgia, mji wake mkuu ni Tbilisi, nayo kweli ina waziri wa mambo ya nje. Msikilizaji wa Tanga au Kisumu aliachwa aamini kwamba rais wa Marekani anamwomba kura mwanadiplomasia wa Kaukazi, au kwamba jimbo la Marekani lina mabalozi wake, ilhali Katiba ya nchi hiyo inayakataza majimbo kufanya mikataba na mataifa ya kigeni. Habari yenyewe ilipotea hapo, kwa sababu uzito wake wote ulikuwa katika kazi ya mtu aliyepigiwa simu: ndiye aliyesimamia uchaguzi wa jimbo lake.

Mkanganyiko huu una historia. Mwaka 1789 Bunge la Marekani liliunda wizara ya mambo ya nje, kisha mwezi Septemba mwaka huohuo likaiongezea kazi za ndani, kama vile kutunza muhuri mkuu wa taifa na kuchapisha sheria, na kwa ajili ya kazi hizo likaibadilisha jina kuwa Department of State. Sisi humwita mkuu wa wizara hiyo Waziri wa Mambo ya Nje, na twafanya vyema, kwa kuwa tunatafsiri kazi yake ya leo. Basi na huyu wa jimbo tumtafsiri kwa kazi yake: hutunza muhuri na kumbukumbu za serikali, husajili biashara, na katika majimbo mengi husimamia uchaguzi.

Neno "waziri" nalo halimfai. Waziri huteuliwa na mkuu wa serikali na huweza kuondolewa naye. Katibu wa Ohio alichaguliwa na bunge la jimbo hadi katiba ya 1851 ilipowapa wananchi haki ya kumpigia kura, na gavana hana uwezo wa kumfukuza. (Si kila jimbo liko hivyo: katibu wa Texas huteuliwa na gavana, na Alaska, Hawaii na Utah hazina cheo hicho.) "Katibu", kwa asili ya Kiarabu, ni mwandishi, ndugu wa kitabu na maktaba, na kazi ya ofisi hii ilianza kwa kuandika na kuhifadhi.

Wako wanaopendekeza "Katibu wa Dola". Siwakubalii, kwa kuwa dola ni mamlaka kamili ya nchi, na Ohio si nchi. Ninaielewa zaidi hoja ya Mtanzania, ambaye kwake jimbo ni eneo la mbunge, na katibu wa jimbo aweza kudhaniwa kuwa kiongozi wa chama. Dawa yake ni kutaja jina la jimbo na kueleza kazi mara ya kwanza: "Katibu wa Jimbo la Ohio, anayesajili biashara na kusimamia uchaguzi". Baada ya hapo "Katibu" peke yake latosha, hata katika tafsiri ya cheti cha dukani.