Jibu: Eldoret au China? Usilipe amana kabla hujauliza habari za wodi

Usilipe hiyo amana. Nimesoma swali lako mara mbili, na kabla ya lolote jingine nasema hilo: Ijumaa ikifika, usilipe.

Kwa ambao hawakuona alichouliza: kijana wa mtaa wa Umoja, Nairobi, amepata nafasi mbili za kusomea udaktari. Moja ni Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo. Nyingine ni chuo fulani nchini China, masomo kwa Kiingereza, kupitia ajenti mwenye ofisi katikati ya jiji. Mamake yuko tayari kuuza ploti ya Joska. Anauliza achague ipi, karo inafika ngapi ukijumlisha hosteli, baridi ya huko inavumilika vipi, anunue laptopu gani, na kama shahada ya ng'ambo itamrahisishia kwenda Uingereza baadaye. Ajenti amempa hadi Ijumaa awe amelipa amana.

Mimi nilipewa hadi Jumatatu. Ilikuwa 2016, na ajenti wangu alikuwa na ukuta mzima wa picha: maktaba, viwanja vya mpira, maabara yenye vifaa vinavyong'aa. Nilimwuliza uso kwa uso, baba akiwa ameketi pale pale: wagonjwa wa huko wanaongea lugha gani? Akajibu bila kupepesa macho kwamba programu nzima ni ya Kiingereza, na hospitalini kuna wakalimani. Muda wote niliokaa huko sikumwona mkalimani hata mmoja. Yule mtu alijua. Alikuwa akilipwa na chuo kwa kila mwanafunzi aliyempeleka, na sisi pia akatutoza ada ya usajili. Alikula pande zote mbili, kisha akamtazama mzee wangu machoni na kumdanganya kuhusu jambo ambalo lingeamua mtoto wake atakuwa daktari wa namna gani. Hilo sijamsamehe.

Tuelewane, mdogo wangu: sisemi China haina shule nzuri za tiba. Inazo, tena kubwa. Tangu 2007 Wizara ya Elimu ya huko iliweka orodha ya vyuo vinavyoruhusiwa kuwafundisha wageni udaktari kwa Kiingereza. Umeonyeshwa orodha hiyo? Mimi sikuonyeshwa, na sikujua kama ipo.

Miaka miwili ya kwanza hutaona shida yoyote. Anatomia, fiziolojia, biokemia, vyote vinasomeka, maana mwili wa binadamu ni ule ule ukiwa Chiromo au Shanghai. Walimu wangu walikuwa wazuri na walijitahidi. Hii ndiyo miaka ambayo ajenti huwaomba wanafunzi wake picha wakiwa na makoti meupe, azitumie kuwavuta wengine. Kwa hiyo ukiambiwa zungumza na fulani, anafurahia huko, uliza kwanza yuko mwaka wa ngapi.

Shida inaanza ukiingia wodini. Raundi ya asubuhi, daktari bingwa anasimama kando ya kitanda na kuongea na mgonjwa kwa kirefu. Mgonjwa anaeleza, analalamika, anaonyesha mahali panapouma, mkewe anaingilia na kuongeza yake. Kisha daktari anawageukia nyinyi wageni mliosimama nyuma na kusema kwa Kiingereza: vidonda vya tumbo. Basi, raundi inasonga kitanda kinachofuata. Yale mazungumzo ndiyo udaktari wenyewe, na yote yamekupita. Faili limeandikwa Kichina, kompyuta ya wodi ni ya Kichina. Darasa la lugha tulikuwa nalo, na nilifika mahali pa kununua mboga na kumwelekeza dereva wa teksi. Lakini bibi kizee asiye na meno, anayeongea lahaja ya kijijini kwao, huyo simwelewi. Na ana haki ya kukataa kupapaswa tumbo na mwanafunzi asiyeweza kumweleza anataka kufanya nini. Wengi walikataa, na siwalaumu.

Halafu ikaja 2020. Januari nilikuja nyumbani likizo ya Mwaka Mpya wa Kichina nikiwa na begi dogo. Mwishoni mwa Machi China ikawafungia wageni mipaka, hata wenye vibali vya kuishi, na viza za wanafunzi hazikuanza kutolewa tena hadi Agosti 2022. Wodi ya watoto, ya uzazi, ya upasuaji, zote nikazisomea chumbani Donholm, laptopu juu ya stuli, intaneti ikikatika katikati ya mhadhara. Korona haikuletwa na ajenti, hilo nakubali. Lakini vyuo vya hapa navyo vilifungwa Machi, na vilipofunguliwa wenzangu wa Eldoret na wa Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, walirudi wodini wakawakuta wagonjwa. Mimi sikuwa na wodi ya kurudia.

Mwaka wa mwisho wa mazoezi chuo kikaturuhusu tuufanyie nchini kwetu, na hospitali moja ya umma hapa Nairobi ikanipokea. Usiku wa zamu yangu ya kwanza wodi ya watoto, akaletwa mtoto wa miezi minane. Anaharisha tangu juzi, amekataa kunyonya, macho yamezama. Mamake alinieleza kwa Kiswahili, na ndipo kwa mara ya kwanza tangu nianze kusomea kazi hii nikasikia historia ya mgonjwa mwanzo hadi mwisho bila kupotewa na neno. Kwenye karatasi nilijua yote: ukifinya ngozi ya tumbo ikachukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, mtoto amekaukiwa vibaya na anahitaji maji ya mshipani upesi. Swali hilo niliwahi kulijibu nikapata alama zote. Lakini vidole vyangu havikuwahi kushika ngozi ya namna hiyo, na mshipa wa mtoto aliyekaukiwa sikuwahi kuutafuta. Sista wa zamu aliichukua kanula, ile sindano ya kupitishia maji mshipani, mkononi mwangu bila kunigombeza, akaiingiza, akaniambia nisogee nione anavyoibandika. Mtoto alipona. Kitanda cha pili, mwanafunzi wa mwaka wa tano wa chuo cha hapa, mdogo kwangu kiumri, alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo huku akiongea na mama wa mtoto.

Ndiyo gharama ninayokuambia. Ploti ya Ruiru ambayo mzee aliiuza kunilipia karo haitarudi, hilo linauma, lakini pesa hutafutwa. Miaka ya wodi hairudishwi na mtu. Na hapa kwetu daktari wa intanshipu, yule aliyemaliza chuo na yuko mwaka wa mazoezi kazini, si mtazamaji. Mwaka mzima anazunguka idara kubwa: magonjwa ya watu wazima, upasuaji, watoto, uzazi. Katika hospitali nyingi za kaunti, usiku yeye ndiye daktari wa kwanza kuitwa, na uchungu wa mama ukikwama, ndiye anayetarajiwa kumpasua na kumtoa mtoto. Mwenzako wa Moi anafika pale akiwa ameshazalisha kwa mikono yake na ameshasimama mezani akishika vifaa. Wewe uliyesoma nje, kabla hata hujafika pale, unaufanya kwanza mtihani wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Nao haukuulizi jina la chuo chako lina fahari gani.

Kuna mtu mwingine amekujibu kwamba hata waliosoma hapa wanasota. Ni kweli. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulianza tarehe 14 Machi ukaisha tarehe 8 Mei, na jambo kubwa mojawapo lilikuwa hawa hawa wa intanshipu, serikali ikitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,000 za mkataba wa 2017, na wengi wakingoja kupangiwa hospitali. Foleni hiyo utaipanga popote utakaposomea. Tofauti ni kwamba mmoja anaipanga akiwa amefundishwa kazi, na mwingine anaipanga huku akitafuta hospitali ya kumfundisha upya.

Kwa hiyo nakupa kipimo kimoja tu, yaliyobaki utayamaliza njiani: mwaka wa nne, mikono yako itamshika mgonjwa gani, mtaongea lugha gani, na nani atakuwa amesimama kando yako? Ukipata jibu la hapo umeshachagua mji.

Eldoret jibu lipo na unaweza kuliona kwa macho. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi ni ya pili ya rufaa kitaifa baada ya Kenyatta. Ina hospitali ya akina mama ya Riley, ina hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa 2015, na inapokea wagonjwa wa eneo zima la magharibi ya nchi. Shule yenyewe ilianza kwa kuwafundisha wanafunzi katika vikundi vidogo wakichambua tatizo la mgonjwa, na kuwapeleka kwenye vituo vya afya vya vijijini tangu mapema. Mgonjwa atakueleza kwa Kiswahili, na asiyekijua, nesi wa wodi anaijua lugha yake.

Huyo ajenti mwombe mambo mawili kwa maandishi. La kwanza, jina la hospitali utakayofanyia mazoezi ya wodi. La pili, namba ya Mkenya aliye mwaka wa nne au wa tano sasa hivi, si wa kwanza. Mwulize Mkenya huyo amezalisha kina mama wangapi. Kisha liandikie Baraza wewe mwenyewe uulize kama wanakitambua chuo hicho, usubiri jibu lao. Barua ya kutambuliwa anayokuonyesha ajenti ofisini kwake usiihesabu.

Na Jumamosi panda basi la alfajiri uende Eldoret, utafika mchana. Simama karibu na hospitali wanafunzi wanapotoka wodini kutafuta chakula, uwaulize wa mwaka wa tano maswali hayo hayo. Mwambie mama asitie sahihi karatasi yoyote ya ploti kabla hujarudi.