Mama Anakuja Nassau: Je, Nimpeleke Kwenye Junkanoo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunafanya kazi Nassau, Bahamas. Mwaka huu mama yangu, mwenye miaka 71, anakuja kutoka Tanga kula Krismasi nasi, pamoja na mdogo wangu na watoto wake wawili wa shule ya msingi. Natamani kuwapeleka wote kwenye Junkanoo, maandamano ya ngoma yanayofanyika hapa wakati wa Krismasi, lakini mama ni mtu wa kanisa, magoti yanamsumbua, na aliposikia neno "karnivali" aliniuliza kama ni mambo ya watu kutembea nusu uchi. Nifanyeje?
Mama Upendo, Nassau

JIBU: Mama Upendo, wapeleke. Mweleze mama kwamba Junkanoo si karnivali ya kabla ya Kwaresima kama ile ya Trinidad, bali ni ngoma ya Krismasi, iliyotokana na watumwa wa asili ya Afrika ambao, katika siku chache walizopumzishwa kila Desemba, walicheza ngoma za kwao. UNESCO iliitambua kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2023. Wapo wachezaji wenye mavazi mepesi, na ni heri umwambie mapema, lakini wengi huvaa mavazi ya maboksi yaliyofunikwa karatasi za krepu, zile nyembamba zenye mikunjo: ukingo wa karatasi hukatwakatwa uning'inie kama nyuzi, kisha hubandikwa safu juu ya safu hadi boksi lenyewe lisionekane. Ni kazi ya miezi mingi.

Mwambie pia kwamba vikundi kama Valley Boys na Saxons hushindana mbele ya majaji, kama wazee wa Tanga walivyoshindana katika ngoma ya beni, kundi la Marini dhidi ya la Arinoti, kwa sare na tarumbeta. Naamini hapo moyo wake utalainika.

Kuhusu magoti, nunua mapema tiketi za viti vya Bay Street, mtaa yanakopita maandamano, kwa sababu maandamano huanza usiku wa manane kuamkia tarehe 26 Desemba na huendelea hadi jua lichomoze, na hakuna mtu wa umri wake anayepaswa kusimama muda wote huo. Alale baada ya chakula cha Krismasi, kisha mchukue mto wa kukalia, shuka zito na pamba za masikio, maana kengele na ngoma hutikisa kifua. Mvua ikinyesha, maandamano huweza kuahirishwa, kwa kuwa karatasi haistahimili maji. Basi msipange safari nyingine siku inayofuata. Kama watoto watawasili mapema, watafurahia zaidi Junkanoo ya wanafunzi, ambayo hufanyika jioni mwezi huohuo.

Kabla ya kuketi, mtafutie mama kikundi ambacho bado kinatumia ngoma za ngozi ya mbuzi, amwone mpigaji akiisogeza ngoma yake karibu na moto ili ngozi ikaze, kisha akiigonga kwa vidole na kuirudisha motoni mpaka sauti imridhishe.