Betri ya akiba katika boti

SWALI: Mhariri, mashua yangu ya matembezi hapa Dunga, Kisumu, ina betri moja ya volti 12. Jumapili tulisikiliza redio huku injini imezimwa, kisha ikakataa kuwaka tukiwa mbali na ufuo. Ninunue betri kubwa zaidi?

JIBU: La, ndugu msomaji, ukubwa haukuzuii kuimaliza. Afadhali uwe na betri mbili: moja ya kuwashia injini pekee, ambayo hutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, na nyingine ya matumizi ya muda mrefu kama redio na taa, iliyoundwa kustahimili kutumika na kuchajiwa mara kwa mara, ingawa betri ya madini ya risasi na asidi hudumu zaidi usiposhusha chaji yake chini ya nusu. Unganisha zote kwa swichi ya kuchagulia betri, na uweke fyuzi karibu nazo. Betri ya lithiamu ni nyepesi, lakini bei yake ni kali na huhitaji chaja inayoifaa. Kifaa kidogo cha kubebeka cha kuamshia injini nacho kinafaa, mradi ukumbuke kukichaji nyumbani. Kasia nalo usiliache.