Asteroidi: hukatiza obiti au hugongana nayo?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lindi. Mwanafunzi wangu ameandika "kimondo kinachokatiza mzingo wa Dunia". Mwalimu mwenzangu akasahihisha: "asteroidi inayogongana na obiti ya Dunia". Nani kapatia?

JIBU: Mwalimu, mtoto kapatia kitenzi, mwenzako kapatia nomino zote mbili: asteroidi (jiwe linalolizunguka Jua) na obiti (njia ya kulizunguka).

Nianze na kitenzi, maana ndicho kinachotia watu hofu bure. Huwezi kugongana na obiti. Obiti ni njia tu, haina mwili. Kukatiza ni kupita upande hadi upande, na aliyekatiza si lazima akutane na mtu. Mabasi mawili yanaweza kupita njia panda ya Mnazi Mmoja siku moja, moja asubuhi na jingine jioni, madereva wasionane. Tena huko angani obiti nyingi zimeinama, kwa hiyo hata njia zenyewe mara nyingi hazigusani: moja hupita juu ya nyingine. Asteroidi za kundi la Apollo, lililopewa jina la ile iliyogunduliwa mwaka 1932, huchukua zaidi ya mwaka kulizunguka Jua. Za kundi la Aten humaliza kabla ya mwaka kwisha. Zote hukatiza. Za kundi la Amor, kama Eros, hukaribia tu upande wa nje, kwa hiyo hizo usiziite "zinazokatiza".

Sasa "mzingo". Wapo waandishi wa sayansi wanaolitumia kwa maana ya obiti, wala hawajakosea. Lakini mwanafunzi wako kafundishwa kwenye Hisabati kwamba mzingo ni jumla ya urefu wa pande za umbo. Akisoma "mzingo wa Dunia" atadhani jiwe limepasua ukingo wa Dunia yenyewe! Darasani mimi ningeandika "obiti", au kwa urefu, "njia ya Dunia kulizunguka Jua".

Kimondo je? Ni ule mwako tunaouona jiwe likiingia kwenye angahewa, na pia jiwe lenyewe likishafika chini, kama Kimondo cha Mbozi kule Songwe. Likiwa bado linazunguka Jua ni asteroidi: asteroidi hii, asteroidi hizi.

Tofauti hiyo itawafaa mwaka 2029. Usiku wa kuamkia Aprili 14, kwa saa zetu, asteroidi Apophis, yenye upana wa zaidi ya meta 300, itapita kilometa 32,000 hivi juu ya uso wa Dunia, na Afrika ni miongoni mwa sehemu ambako itaweza kuonekana kwa macho matupu. Watu watapiga kelele "kimondo!" Haitaingia kwenye angahewa, kwa hiyo si kimondo. Na mvuto wa Dunia utaipanua obiti yake kiasi cha kuihamisha kutoka Aten kwenda Apollo.